Hadithi fupi ya upelelezi huanzia mwisho

Fumbo likikujia kichwani, usikimbilie aya ya kwanza. Andika kwanza, kwa sentensi tano au sita tu, kilichotokea kweli: nani kaua, kwa nini, saa ngapi, na alikosea wapi. Hayo msomaji hayaoni. Atakachosoma ni namna ukweli huo unavyofukuliwa, na rasimu nyingi hufia njiani kwa sababu mwandishi alianza kufukua kabla hajazika kitu.

Tuchukue mfano. Mzee kakutwa amekufa kitini, gazeti mapajani, tangazo moja dogo limezungushiwa kalamu. Muuaji alitaka ionekane kwamba marehemu alikuwa akisoma. Kosa lake ni miwani: imebaki mfukoni mwa shati. Mimi nikishapata kosa la aina hiyo najua hadithi ipo. Kazi iliyobaki ni kuificha miwani hiyo mbele ya macho ya msomaji.

Ukiandika "Miwani ilikuwa mfukoni" ikasimama peke yake, umelimaliza fumbo ukurasa wa pili. Jaribu hivi: "Mfukoni mwa shati mlikuwa na leso, miwani na risiti iliyokunjwa mara nne." Kinachokaa mwisho wa orodha ndicho kinachonata, kwa hiyo msomaji ataikimbilia risiti. Usimwache apumue; katika sentensi inayofuata, risiti ikunjuliwe, au mtu abishe hodi. Ila kabla ya hapo, katika tukio lenye shughuli nyingine kabisa, mzee awe ameonekana akiipeleka karatasi mbali na uso, akashindwa, akampa mpwa wake amsomee. Ukiliruka tukio hilo, msomaji atakuwa na haki ya kulalamika kwamba umemficha.

Maneno 3,000 hadi 4,000 yanabeba washukiwa watatu. Wa nne hubaki jina tu. Ronald Knox, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, katika kanuni zake 10 za mwaka 1929 za kuandika hadithi hizo, alitaka mhalifu atajwe mapema. Kwa urefu huu mimi nasema ndani ya robo ya kwanza, tena akiwa na kazi ya kufanya, si kupita tu mlangoni.

Chora pia jedwali la saa, safu moja kwa kila mshukiwa. Linachosha, lakini ndilo litakalokuonyesha kwamba mpwa yuko sehemu mbili saa 12 jioni. Ukibadilisha saa moja kwenye rasimu, rudi kwenye jedwali kwanza.

Rasimu ikikamilika, iweke kando wiki mbili. Kisha wape watu watatu ambao hawajui lolote, bila kurasa mbili za mwisho. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize wanamshuku nani, na ni sentensi ipi iliyowafanya wamshuku. Wote wakitaja miwani, imepiga kelele mno. Wakisoma mwisho kisha wakauliza miwani ilitajwa wapi, imezama mno. Na yupo atakayesema, "Huenda aliivua apumzishe macho." Huyo ndiye wa kumshukuru. Ndiyo maana tangazo limezungushiwa kalamu: asiyeona maandishi hawezi kulizungushia kalamu tangazo moja katikati ya ukurasa uliosongamana.

Kutuma mswada ni kazi ya kikarani, na hadithi nzuri huponzwa hapo. Soma masharti ya jarida na uyafuate kama yalivyo. Yasipotaja umbo, herufi za ukubwa wa pointi 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.5 na namba za kurasa zinatosha. Angalia kama wanaruhusu kutuma kwingine kwa wakati mmoja. Usiitangulize hadithi kwenye ukurasa wako wa mtandaoni, maana wahariri wengi huhesabu hiyo kuwa imeshachapishwa. Mkataba ukija, tafuta haki wanazochukua: kuchapisha mara ya kwanza ni jambo moja, kuzichukua zote moja kwa moja ni jambo jingine, na hilo la pili lijadili kabla ya kutia saini.

Mhariri atapunguza maneno. Anaweza, kwa nia njema kabisa, kuifuta leso kwa kuona haina kazi, na orodha ikabaki na miwani na risiti tu, miwani ikitangulia. Kwa hiyo prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapishwa, ikija, anza na sentensi ya mfukoni, kisha saa zote, kisha majina. Mtindo wako uache, muda wake umepita.