Kisiki hai: miti tayari imo shambani mwako

Mwezi Oktoba, mashamba ya Kongwa, Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma, yanafanana: udongo mtupu, mabua machache ya uwele, na vijichaka vya kufika magotini vilivyotawanyika huku na huku. Wenye mashamba huvihesabu kuwa magugu. Kabla ya mvua hufyekwa, hukusanywa na kuchomwa, kazi ambayo Wagogo huiita kuberega, na msimu unaofuata vimesharudi. Vinarudi kwa sababu si magugu. Ni miti iliyokatwa zamani, pengine na babu wa anayelima leo, na mizizi yake bado iko hai chini. Kinachoizuia isiwe miti tena ni panga la kila mwaka.

Njia ya kuirudisha inaitwa kisiki hai, jina ambalo mashirika ya kurudisha uoto ya LEAD Foundation na Justdiggit yamelieneza sana Dodoma. Asili yake inayojulikana zaidi ni Maradi, nchini Niger, ambako Mwaustralia Tony Rinaudo alianza kuihimiza mwaka 1983 baada ya kuona miche mingi ya kupandwa ikifa. Leo mashamba yenye miti iliyorudi kwa namna hiyo katika Niger yanakadiriwa kufikia hekta milioni 5.

Fikiria hali ya mche. Unautoa kitaluni ukiwa na mzizi wa urefu wa kiriba, unaupanda Januari, na mvua za Dodoma zinakoma Aprili. Baada ya hapo kuna miezi saba bila tone. Kisiki hakina tatizo hilo: mizizi yake imeshafika kwenye unyevu, na ina akiba ya chakula. Kisiki chenye afya, kikiachiwa shina lake, kinaweza kukupita kimo ndani ya misimu miwili. Ndiyo maana nashauri fedha za miche zibaki mfukoni mpaka visiki vyote vihesabiwe.

Kuhesabu ni rahisi. Pima mraba wa hatua 20 kwa 20, kila hatua ikiwa mita moja. Huo ni karibu sehemu ya kumi ya ekari. Hesabu visiki vyote ndani yake, zidisha kwa kumi, na urudie sehemu mbili au tatu za shamba, maana bondeni na mlimani havilingani. Pasipo na majani usikate tamaa haraka. Kwangua gome la kisiki kwa ncha ya kisu: chini ya gome kukiwa na rangi ya kijani na unyevu unaoshika kidole, kiko hai. Kukiwa na kahawia kavu inayovunjika kama ganda la karanga, fukua shubiri moja kwenda chini na ukwangue tena penye shingo ya mzizi. Mara nyingi juu pamekufa na chini pako hai.

Kazi yenyewe ifanywe baada ya mavuno, Julai hadi Septemba. Kidonda kilichokatwa kiangazi hukauka vizuri. Cha masika hulowa, na ukungu hupata mlango. Chagua visiki vilivyoachana kama mita 10, yaani visiki 40 kwa ekari. Si lazima vikae kwenye mstari, ila anayelima kwa plau ya ng'ombe aache njia ya kugeuzia. Vilivyobaki unaweza kuendelea kuvifyeka, vikakupa kuni na matandazo.

Kwenye kisiki kimoja utakuta machipukizi kumi, ishirini, hata zaidi. Mwaka wa kwanza acha matatu hadi matano. Tafuta yaliyonyooka, manene, na hasa yaliyotokea chini karibu na udongo. Hapa ndipo wengi hukosea: huchagua chipukizi refu lililoota juu ya kisiki kilichozeeka. Hilo limeshikwa na gome tu, na upepo wa Agosti ukija linabanduka pale pale lilipoungana. Kosa la pili ni kubakiza chipukizi moja mwaka wa kwanza. Mbuzi mmoja akilikata kichwa, umerudi mwanzo. Punguza polepole: mwaka wa pili baki na matatu, wa tatu au wa nne baki na moja au mawili. Kila linaloondolewa ni ufito au kuni, kwa hiyo mavuno huanza mapema kuliko watu wanavyodhani.

Kisha pogoa matawi ya pembeni, kuanzia chini hadi nusu ya kimo cha shina, usizidi. Ukipogoa juu mno shina linabaki na kishungi kidogo kileleni, linakosa majani ya kulilisha, na linainama kama fimbo ya kuvulia samaki. Panga liwe limenolewa, na pigo litoke chini kwenda juu. Ukipiga kutoka juu, tawi linaanguka na ukanda wa gome mpaka chini ya shina, na jeraha hilo halifungi upesi; mchwa huingia humo. Tawi nene kuliko kidole gumba likatwe kwa msumeno: kwanza kata kidogo upande wa chini, kisha malizia juu. Acha ule uvimbe mdogo ambapo tawi linaungana na shina, kwa sababu ndiko gome jipya linakotokea.

Funga kitambaa cha rangi inayoonekana kwa mbali. Ni alama kwa mchungaji na kwa anayelima kwa kibarua kwamba kisiki hiki kina mwenyewe. Kifunge kilegee, vidole viwili vipite. Kamba ya manila au waya usitumie, kwa kuwa shina likinenepa hukabwa na kufa juu ya fundo. Matawi ya miiba uliyokata yapange kuzunguka kisiki, na duara la mita moja lisiguswe na plau. Baada ya hapo rudi kila miezi mitatu kung'oa machipukizi mapya. Asiyerudi atakuta kichaka kile kile.

Aina za miti hazilingani. Mkababu, ambao wengine huuita mgunga, ni wa kutunzwa popote ulipo: huangusha majani wakati wa mvua, kwa hiyo mtama na uwele chini yake hupata mwanga, na kiangazi huvaa majani na kutoa maganda ambayo mifugo huyapenda. Mkole hutoa matunda na fito. Mpingo hukua taratibu sana, lakini kisiki chake hakipaswi kung'olewa. Mkulagembe, ambao Wagogo huuita mtundulu, hutoa kuni nzuri na hurutubisha udongo, ila mizizi yake huchipua mbali na shina, kwa hiyo acha michache na uifuatilie. Mti ukishakuwa mkubwa na unataka kuuvuna kwa mbao au mkaa, pita kwanza kwa afisa misitu wa wilaya. Hilo si sawa na kupogoa.

Wakulima huuliza kuhusu kivuli na kwelea kwelea, na wana haki ya kuuliza. Kivuli kizito kweli hupunguza mtama. Dawa yake ni kuinua matawi ya chini Novemba, kabla ya kupanda, na kutandaza majani yake shambani. Kwelea hupenda kujazana kwenye vichaka vizito vya miiba. Mti mmoja mmoja wenye shina wazi hauwafai kama kichaka.

Ugumu mkubwa kuliko yote hautokani na mti. Baada ya mavuno, kwa desturi mabua ni ya mifugo yote, na ng'ombe wa jirani hawaulizi mpaka. Mkulima mmoja peke yake hawezi kulizuia hilo. Shinyanga ina funzo kubwa. Wasukuma walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi kikali. Zilikuwa karibu zimepotea; mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600. Kufikia miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, na ndani yake miti mingi iliota yenyewe kutoka kwenye visiki. Zilidumu kwa sababu watu walizitambua kama mali yao na dagashida, baraza la jadi, liliamua nani atozwe faini.

Kwa kisiki hai nguvu hiyo hupatikana kwa sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, baraza la madiwani linaidhinisha. Waiteni wafugaji tangu kikao cha kwanza, na muwaonyeshe njia za kupitishia mifugo. Sheria iliyopitishwa bila wao hugeuka ugomvi.

Na kuna anayekodi shamba. Mwenye msimu mmoja hana sababu ya kutunza mti ambao hatauvuna, na mara nyingi yeye ndiye anayefyeka. Mwenye ardhi aandike kwenye makubaliano idadi ya visiki vilivyofungwa kitambaa, wavihesabu pamoja siku ya kukabidhiana, na kuni zinazotokana na kupogoa ziwe za anayekodi.