Moksa ya Kichina haiponyeshi pumu

Ile meseji ya kwamba Wachina wanaponyesha pumu kwa moto inarudi tena kwenye magrupu, eti ukichomewa moksa mgongoni unatupa inhela. Jamani, hapana. Moksa ipo kweli China tangu zamani, wanachoma majani makavu ya jamii ya artemisia karibu na ngozi, lakini joto la mgongoni haliondoi uvimbe ulioko ndani ya njia za hewa, na huo uvimbe ndo pumu yenyewe. Halafu ule moshi wenyewe unaweza kukuamshia shambulio, achilia mbali kuungua ngozi.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu pumu inakuja na kuondoka, China wengi wanatibiwa hivi siku za joto kali la kiangazi ilhali pumu ya wengi inabana zaidi wakati wa baridi, basi mtu akipata nafuu anasema ni moksa, kumbe na inhela bado anavuta. Ukitaka kuhakikisha nenda hospitali upulize kile kipimo cha pumzi kabla na baada ya moksa, namba utaziona mwenyewe.

Tafadhali usiiforwadi, kuna mama ataisoma na kumwachisha mtoto dawa.