Makala tangulizi ni nini, na kwa nini habari nyingi za sayansi mitandaoni hutoka humo

Makala tangulizi ni ripoti ya utafiti ambayo watafiti wenyewe wameiweka wazi mtandaoni kabla wahakiki wa jarida la kitaaluma hawajaipitia. Wengine huiita priprinti. Ina kila kitu cha makala ya sayansi: ikisiri (muhtasari wa mwanzoni), mbinu, majedwali, grafu, marejeo. Kwa macho tu huwezi kuitofautisha na iliyochapishwa jaridani. Inachokosa ni mtaalamu wa nje, asiye na maslahi na kazi ile, aliyekaa akaisoma mstari kwa mstari na kumbana mwandishi kwa maswali.

Ukaguzi huo huchukua muda. Mhariri wa jarida hupokea mswada, akiona unafaa huutuma kwa wahakiki wawili au watatu, nao huurudisha na maswali, mwandishi hurekebisha, kisha unarudi tena. Miezi hupita, wakati mwingine hata mwaka. Wanafizikia walikuwa wakitumiana nakala za miswada kwa posta ili wasisubiri, na Agosti 1991 Paul Ginsparg, akiwa maabara ya Los Alamos nchini Marekani, aliihamishia desturi hiyo kwenye kompyuta. Ndiyo hazina ya makala mtandaoni tunayoijua leo kwa jina la arXiv, ambayo mwaka 2001 ilihamia Chuo Kikuu cha Cornell. Wanabiolojia walipata bioRxiv mwaka 2013, watafiti wa Afrika wakapata AfricArXiv 2018, na utafiti wa tiba ukapata medRxiv 2019.

Hazina hizi zina wasimamizi, na si kila kitu hupokelewa. Lakini msimamizi huangalia kama mswada ni kazi ya kisayansi na umewekwa kwenye fani yake. Harudii vipimo wala hapigi hesabu upya. Kwa hiyo posti inaposema utafiti “umechapishwa arXiv”, maana yake ni kwamba umewekwa hadharani, basi. Hakuna aliyeuthibitisha.

Mfano unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko wowote ni wa kitu kilichoitwa LK-99. Tarehe 22 Julai 2023 makala mbili za watafiti wa Korea Kusini ziliwekwa arXiv. Walidai wametengeneza supakondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote, inayofanya kazi kwenye joto la kawaida na shinikizo la kawaida la hewa, hadi nyuzi 127 za Selsiasi. Uzito wa dai hilo utauona ukikumbuka mashine ya MRI, ile ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili: sumaku yake ni ya supakondakta, na ili ifanye kazi huzamishwa katika heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kuiondoa baridi hiyo kungebadili nyaya za umeme, hospitali na treni. Video ya kipande cheusi kilichoinuka juu ya sumaku ikaenea dunia nzima kwa siku chache.

Kilichosaidia ni kwamba mapishi yote yalikuwa ndani ya makala. Oksidi ya risasi na salfati ya risasi huchanganywa na kuchomwa kwa nyuzi 725 kwa saa 24. Shaba na fosforasi huchomwa kwa nyuzi 550 kwa saa 48. Mazao ya hatua hizo mbili husagwa pamoja, hufungwa kwenye mrija wa kwatzi uliotolewa hewa, kisha huingia tanurini kwa nyuzi 925, kwa saa 5 hadi 20. Ni kazi ambayo maabara nyingi za kemia zinaiweza, na nyingi ziliianza mara moja.

Tatizo lilikuwa kwenye mapishi yenyewe. Ukiisawazisha hesabu ya kemikali zile, kila sehemu moja ya LK-99 huacha nyuma sehemu 17 za shaba na 5 za salfa. Mabaki hayo huungana kuwa salfaidi ya shaba. Sasa angalia grafu ya Wakorea: ukinzani unaanguka ghafla kwenye nyuzi 104.8, kama mara kumi. Mkemia Prashant Jain wa Chuo Kikuu cha Illinois aliitambua namba hiyo, kwa sababu salfaidi ya shaba hubadili muundo wake kwenye nyuzi 104, na hapo ukinzani wake hushuka wenyewe. Tena kushuka mara kumi si kufika sifuri. Na kile kipande cha kwenye video kilikuwa kimegusa sumaku kwa ncha moja, wakati sumaku ya kawaida tu inaweza kuinua upande mmoja wa kitu namna hiyo.

Taasisi ya Max Planck mjini Stuttgart, Ujerumani, ilimaliza ubishi kwa kukuza fuwele safi bila kutumia salfa kabisa. Ilitoka ya zambarau, inapitisha mwanga, na ukinzani wake ni mamilioni ya omu (kipimo cha ukinzani): ni kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Haukuwa umepita hata mwezi tangu dai litolewe. Kwa maoni yangu hapa mfumo ulifanya kazi sawasawa, kwani makala tangulizi ilitoa dai pamoja na njia ya kulipima, wengine wakalipima. Lililoharibika ni tafsiri ya mitandaoni, iliyolichukua dai kana kwamba ni tokeo lililokwisha kuthibitika.

Unapokutana na habari ya aina hiyo, tafuta kiungo cha makala yenyewe, kisha soma namba. Makala ya kwanza ya LK-99 ni 2307.12008. Tarakimu 23 ni mwaka, 07 ni mwezi, na 12008 ni nafasi yake katika foleni ya mwezi huo. Mwishoni huweza kuwapo v1, v2 au v3, yaani toleo. Fungua toleo la mwisho, usome na maelezo yaliyo chini ya ikisiri, kwa sababu mara nyingi mwandishi hueleza hapo alichosahihisha, au kwamba ameiondoa. medRxiv huweka onyo wazi kwamba makala zake hazijahakikiwa na zisitumike kuongoza matibabu. Posti ya dawa mpya inayoacha onyo hilo imeficha jambo kubwa. Ukurasa wa bioRxiv nao huonyesha kiungo cha jarida ikiwa makala imekwisha kuchapishwa.

Usigeuze hili kuwa kanuni kwamba lililo jaridani ni kweli na lililo tangulizi ni uongo. Jarida la Nature lilichapisha dai jingine la supakondakta ya joto la kawaida kutoka kwa kundi la Ranga Dias, Machi 2023, likapita uhakiki, kisha likafutwa Novemba mwaka huohuo. Upande wa pili yupo Grigori Perelman, mwanahisabati wa Urusi aliyethibitisha dhana ya Poincaré, fumbo maarufu la hisabati, kwa makala tatu alizoweka arXiv mwaka 2002 na 2003. Hakuzipeleka jarida lolote. Wanahisabati wengine walitumia miaka kuzikagua na wakakuta ziko sahihi.

Jambo la mwisho la kuangalia ni picha za skrini, kwa sababu makala hubadilika na picha haibadiliki. Tarehe 31 Januari 2020 watafiti wa India waliweka bioRxiv makala iliyodai kirusi kipya cha korona kina vipande vinavyofanana na vya VVU kwa namna isiyoweza kuwa bahati tu. Wanasayansi wengine walionyesha haraka kwamba vipande hivyo ni vifupi mno na hupatikana kwa virusi vingi visivyohusiana. Tarehe 2 Februari waandishi wakaiondoa. Ukurasa wake bado upo, na umeandikwa kwamba makala imeondolewa. Kwenye picha zilizoendelea kutumwa kutoka kundi hadi kundi, maandishi hayo hayamo.