Gavana Mkuu si jenerali wa jeshi

Nimekwisha kusoma mara nyingi mno kwamba Jan Pieterszoon Coen alikuwa "jenerali na gavana wa mfalme wa Uholanzi", na maneno hayo machache yana makosa mawili. Gavana Mkuu, kwa Kiholanzi gouverneur-generaal, alikuwa mtumishi wa juu kabisa wa Kampuni ya India ya Mashariki, VOC, kampuni ya biashara ya Kiholanzi, katika Asia. Cheo hicho kilianzishwa mwaka 1609, na Coen alikuwa mtu wa nne kukishika.

Linalopotosha ni neno generaal. Hapa ni kivumishi kilichowekwa baada ya nomino kwa desturi ya Kifaransa, na maana yake ni "wa jumla", yaani mwenye mamlaka juu ya vituo vyote, si kituo kimoja. Coen, mzaliwa wa Hoorn aliyejifunza uhasibu Roma, alifanywa mhasibu mkuu mwaka 1613 na mkurugenzi mkuu mwaka uliofuata, na vyeo hivyo vyote viwili vilibeba generaal ileile, wala hakuna anayedhani kwamba mhasibu mkuu aliitwa hivyo kwa sababu ya kuongoza vita. Hata Bunge la majimbo ya Uholanzi liliitwa Staten-Generaal.

Kosa la pili ni la mfalme. Uholanzi ya Coen ilikuwa jamhuri. Waliomwajiri na kumdai hesabu ni wakurugenzi wa Kampuni, Mabwana Kumi na Saba, ambao kwa hati ya mwaka 1602 waliruhusiwa kujenga ngome, kuweka askari na kufunga mikataba kwa jina la Bunge hilo. Ndiyo maana tofauti hii naishikilia sana. Mwaka 1621 Coen aliviteka visiwa vya Banda, katika Indonesia ya leo, kwa ajili ya kungumanga na basibasi, na kati ya wakazi wanaokadiriwa kufikia 15,000 walibaki kama 1,000 tu, wengine wakiwa wameuawa, wamekufa kwa njaa, wamekimbia au wamepelekwa Batavia (Jakarta ya leo) utumwani. Tukimwita jenerali wa mfalme, wenye biashara ile wanatoweka katika habari hiyo.

Basi ndugu mwandishi, tafadhali andika "Gavana Mkuu wa VOC", na mfalme umwache hadi mwaka 1806, Uholanzi ilipompata wa kwanza, Kampuni ikiwa imekwisha kuvunjwa.