Stanley wa kikombe, Stanley wa futi na Stanley wa Ujiji sio ndugu

Vile vikombe vikubwa vya mkono na mrija vilivyojaa madukani siku hizi, orijino na feki zimepangwa meza moja, vimefufua stori ya zamani kwamba Stanley ni ukoo mmoja wa matajiri wa kizungu uliotapakaa dunia nzima, eti wao ndo wenye kikombe, wenye futi ya njano ya fundi, wenye ile hoteli ya Nairobi, na babu yao ni yule aliyemfuata Livingstone Ujiji. Hapana jamani, hao ni watu tofauti kabisa.

Tuanze na wa Ujiji, Henry Morton Stanley, maana huyo ndo kavuruga kila kitu. Watu wanamjua kama Mmarekani aliyezaliwa na jina la Stanley. Ukweli ni kwamba alizaliwa Denbigh kule Wales mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa, na utoto wake mwingi ulipita kwenye nyumba ya kulelea maskini. Mwaka 1859 akafika New Orleans kwa meli, huko akajitwalia jina la mfanyabiashara wa pamba, Henry Hope Stanley. Mwenyewe alisimulia kwamba yule tajiri alimchukua akamfanya mwanae, ila waliochimba maisha yake wanaitilia shaka sana hiyo habari, na hilo Morton la katikati nalo alijiongezea baadaye. Kwa hiyo Stanley maarufu kuliko wote huku kwetu, kina Stanley hawamhusu hata kwa damu ya mbu.

Halafu hii ya kwamba alimkuta Livingstone "aliyepotea". Kapotea kwa nani? Watu wa Ujiji walikuwa wanaishi naye, waliokuwa hawana habari zake ni London na New York, ndo gazeti la New York Herald likamtuma huyu bwana. Alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na msafara mkubwa wa wapagazi, na mkuu wa askari wake akiwa Sidi Mubarak Bombay ambaye njia za bara alishazizoea kabla ya hapo. Walipoikaribia Ujiji wakapiga bunduki hewani kama ilivyokuwa desturi ya misafara, watu wakamiminika, na wa kwanza kumsalimia kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye akarudi mbio kumwambia bwana wake kuna mgeni. Yale maneno maarufu ya "Dr. Livingstone, nadhani?" hayana hata ushahidi wa daftari lake la safari, kurasa za siku ile zilichanwa. Nani alichana na kwa nini, jazeni wenyewe.

Mahali palipopewa jina lake ni pengi na pengi pamebadilishwa: Stanleyville ikawa Kisangani mwaka 1966, Stanley Pool, pale Mto Kongo unapotanuka kama ziwa, ikawa Pool Malebo, maporomoko ya Stanley sasa ni Boyoma. Mlima Stanley kwenye Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, jina limebaki, na hapo wengi wanadhani aliupanda. Wapi! Aliiona ile milima kwa mbali tu mwaka 1888, kilele chake cha Margherita chenye mita 5,109 kikaja kupandwa mwaka 1906 na msafara wa Mtaliano mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, na huyo ndo aliyeupa mlima jina la Stanley. Hoteli ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1902 na mama mmoja anaitwa Mayence Bent, kweli imepewa jina la huyu wa Ujiji, ila si mali ya ukoo wake na Nairobi yenyewe hakuwahi kuiona.

Sasa mtu akisikia Stanley, makao makuu ya visiwa vya Falkland, anasema "ahaa, yule yule." Huyo mwingine kabisa! Mji ule ulipoanzishwa miaka ya 1840 John Rowlands alikuwa mtoto mdogo Wales. Ni wa Lord Stanley, waziri wa makoloni wa Uingereza wakati huo, baadaye waziri mkuu mara tatu, na Stanley ya Hong Kong pia ni yake. Mwanae Frederick akawa gavana mkuu wa Kanada, ndo mwenye Stanley Park ya Vancouver na kombe la hoki ya barafuni alilolitoa mwaka 1892, ambalo ukiligoogle leo unaletewa mavikombe ya maji.

Na hao mabwana wakubwa hawauzi vikombe. Kikombe kinatokana na William Stanley, injinia wa Marekani, ambaye mwaka 1913 alibuni chupa ya chuma tupu ya kutunza joto, yaani chuma ndani nje badala ya kioo. Kabla ya hapo, mwaka 1886, aliwasha taa za mji wa Great Barrington kwa umeme wa kupitia transfoma, kwa hiyo ukiona transfoma pale kwenye nguzo ya mtaani kwenu ujue ina mkono wake kuliko huyo wa Ujiji. Futi ya njano ni kampuni nyingine, Frederick Stanley mwingine, si yule wa Kanada, aliianza Connecticut mwaka 1843 akiuza komeo na bawaba.

Kuhusu madini ya risasi kwenye kikombe, maana hilo nalo linazunguka sana kwenye magrupu: risasi ipo kweli, kampuni yenyewe ilikubali Januari 2024, ila ni kidonge cha kuzibia chini kabisa na kimefunikwa kwa kifuniko cha chuma, maji yako hayagusani nacho. Hicho kifuniko cha chini kikibanduka, acha kukitumia hicho kikombe.