Bwawa la majitaka ni nini hasa?

Ukitaja bwawa la majitaka, wengi hufikiria shimo kubwa la kutupia uchafu wa mji ili ukae mbali na pua za watu. Sivyo. Ni mtambo wa kusafisha maji, ila hauna injini. Kazi inafanywa na jua, vijidudu na, zaidi ya vyote, siku ambazo maji yanakaa humo.

Kwa kawaida mabwawa huwa kadhaa, yamefuatana. La kwanza lina kina cha mita 2 hadi 5. Humo hakuna hewa. Uchafu mzito unazama na kuwa tope, na bakteria wasiohitaji oksijeni wanaula taratibu huku mapovu ya gesi yakipanda juu. La pili ni pana na halizidi sana mita 2. Hili huwa kijani, na kijani hicho ni mwani. Mchana mwani hutoa oksijeni, bakteria wanaitumia kumeng'enya uchafu, kisha wanaurudishia mwani hewa ya ukaa. Nipe nikupe, bila bili ya umeme. Likigeuka waridi au zambarau, mara nyingi limeelemewa na uchafu. Mabwawa ya mwisho yana kina cha mita moja hivi ili jua lipenye, na humo ndimo vimelea wengi wa magonjwa wanapofia.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo mabwawa mengi ya miji midogo hukwama. Bwawa la mita za ujazo 3,000 linalopokea mita za ujazo 300 kwa siku linayapa maji siku 10. Tope likijaza theluthi moja, zinabaki siku 6 na ushei, na kwa macho bwawa ni lilelile. Wenye nyumba wakielekeza maji ya mvua kwenye bomba la majitaka (na wapo wengi), siku zinapungua tena. Hata mdomo wa kuingilia ukiwa karibu na wa kutokea, maji hukata njia ya mkato na kutoka kabla hayajaiva. Kwa hiyo ukisikia mamlaka ya maji imetenga fedha za kuondoa tope, usidhani ni usafi wa kupendezesha macho: inarudisha siku zilizopotea.

Maji yanayotoka mwishoni huwa bado na ukijani wa mwani, na watu huyakataa kwa rangi hiyo. Rangi inadanganya pande zote mbili, kwani maji maangavu yanaweza kubeba vimelea tele usivyoviona.

Mji wa Moshi, Tanzania, unatupa mfano mzuri. Mabwawa ya mji yako Mabogini, upande wa chini, na wakulima wa huko wamezoea kumwagilia mpunga kwa maji yatokayo humo. Kwao ni maji yenye mbolea ndani yake, nayo yapo hata kiangazi. Lakini maji ya shambani yana kipimo chake. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi yasiwe na zaidi ya bakteria 1,000 wa kinyesi katika kila mililita 100, wala zaidi ya yai moja la minyoo ya tumbo katika lita nzima.

Mpunga hauliwi mbichi, kweli. Kipimo cha mayai ya minyoo, hata hivyo, kilimhusu mkulima mwenyewe pia. Yai la minyoo halifi upesi kwa jua. Dawa yake ni kuzama chini, na kuzama kunahitaji maji yaliyotulia kwa siku za kutosha. Yasipotulia, mayai yanatoka na maji. Mengine ni ya safura, ambayo yakianguliwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa viluwiluwi vinavyopenya ngozi ya miguu, na mpunga hupaliwa pekupeku.