RPG ya kizamani: gemu ambayo anayekua ni mhusika

Muulize aliyezoea gemu za mpira au za ngumi RPG ni nini, atakwambia ni zile gemu zenye maandishi mengi, ambazo watu wanasimama wakitazamana na kupigana kwa zamu. Hajadanganya, ila ameelezea sura tu. RPG, kifupi cha role-playing game, ni gemu ya kuvaa uhusika. Unakabidhiwa mtu katika dunia ya kubuni, na uwezo wake wote umeandikwa kwa namba: uhai, nguvu, wepesi, kinga. Akishinda pambano anapata pointi za uzoefu. Pointi zikitimia anapanda leveli, na namba zake zinaongezeka. Kwenye gemu ya ngumi, mwenye vidole vyepesi anakushinda tangu dakika ya kwanza. Kwenye RPG ya kizamani vidole havina kazi kubwa; kinachokubeba ni muda uliotembea na mhusika wako na jinsi ulivyomwandaa.

Asili yake ni mezani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons nchini Marekani, mchezo wa karatasi, penseli na dadu. Mmoja anasimulia, wenzake wanasema wahusika wao wanafanya nini, kisha dadu inaamua kama upanga umempata adui au umekosa. Hesabu kama hizo ni kazi ndogo kwa kompyuta, na kufikia 1981 Ultima ya Richard Garriott na Wizardry ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead zilikuwa tayari zinachezwa kwenye Apple II. Zilikuwa gemu kali. Mchezaji alichora ramani ya mapango kwa mkono wake, la sivyo alipotea.

Mtengenezaji gemu Yuji Horii wa Japani alizipenda, akataka aina hiyo ifike kwa watu ambao hawajawahi kushika kompyuta. Mei 1986 kampuni ya Enix ikatoa Dragon Quest kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo inayounganishwa na TV, majini yakiwa yamechorwa na Akira Toriyama na muziki ukiwa umetungwa na Koichi Sugiyama. Kwangu mimi hii ndiyo gemu ya kumwonyesha yeyote anayetaka kuelewa RPG, kwa sababu kila kitu kiko wazi. Shujaa ni mmoja, na adui anakuja mmoja mmoja.

Angalia inavyokufundisha bila kukuhubiria. Unatoka kwa mfalme na vijisenti, unanunua silaha unayoiweza, unaingia porini. Unakutana na slime, kijidudu cha bluu kinachotabasamu. Ukikiua unapata pointi 1. Leveli ya pili inataka pointi 7, basi unazunguka karibu na ngome ukipigana, ukichungulia uhai wako, ukirudi kulala nyumba ya wageni. Hakuna ukuta unaokuzuia kwenda mbali. Kuna madaraja tu, na ukivuka daraja majini yanakuwa wakali zaidi. Wewe mwenyewe ndiye unayepima kama uko tayari. Ukifa, unazinduka mbele ya mfalme, nusu ya dhahabu yako imepotea, lakini uzoefu wote unabaki. Uamuzi huo wa Horii ninauheshimu sana: unapoteza pesa, hupotezi ulichojifunza.

Toleo lile la kwanza la Japani halikuwa na betri ya kuseva. Mfalme alikupa maneno ya siri yenye herufi 20 za Kijapani, unayaandika kwenye karatasi, na kesho unayaingiza upya. Leveli yako, silaha zako na dhahabu yako vyote vilikuwa ndani ya herufi hizo. Ukikosea kunakili herufi moja, safari imekwenda na maji. Toleo la Marekani la 1989 ndilo lililokuja na betri.

Wapo wanaoziponda gemu hizi kwa sababu ya kule kuzunguka mahali pamoja kusaka leveli. Nawaelewa pale ambapo mtengenezaji amekulazimisha kuzunguka ili tu gemu ionekane ndefu. Ila pale ambapo ni hiari yako, kuzunguka huko ndiko kunakompa mchezaji mwenye mikono mizito njia ya kufika mwisho. Final Fantasy ya kampuni ya Square, ya Desemba 1987, iliongeza kwamba unaunda kikosi cha watu wanne kutoka kazi sita, kwa hiyo kosa au ubora wa mpango wako unaanza kabla ya hatua ya kwanza. Mwaka 1991, kwenye Final Fantasy IV, mbunifu Hiroyuki Ito akaweka saa inayotembea ndani ya zamu: ukichelewa kuamua, adui hakusubiri.

Kisha kuna Chrono Trigger ya Machi 1995, ambayo siachi kuisifu. Mwanzoni mhusika wako Crono yuko kwenye maonyesho ya sherehe, anagongana na msichana na kidani cha msichana kinaanguka. Mezani kuna chakula cha mzee mmoja; gemu inakuruhusu ukile. Kuna mtoto aliyepotelewa na paka. Unafanya unavyotaka, hakuna anayekuambia kitu. Baadaye Crono anashtakiwa kwa kumteka binti mfalme, na mahakamani wanaletwa mashahidi: je, ulikimbilia kidani kabla ya kumjulia hali msichana? Ulikula chakula cha mzee? Ulimsaidia yule mtoto? Wazee wa baraza wanapiga kura. Hukumu haigeuzi sana hadithi, maana hata usipopatikana na hatia unafungwa, lakini tabia yako imehesabiwa kama vile nguvu na wepesi vinavyohesabiwa.

Afrika Mashariki gemu hizi zilichelewa kutufikia. Kwenye vibanda vya PlayStation ulilipa kwa dakika au kwa mechi, na mtu nyuma yako anasubiri zamu yake. Hadithi ya saa 40 inayotaka memori kadi yako mwenyewe ingekaa wapi hapo? Wengi tulizipata baadaye, kwa emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu, kwenye kompyuta.

Leo Dragon Quest na Chrono Trigger zote zipo kwenye simu. Anza na Chrono Trigger kama unataka hadithi, na Dragon Quest kama unataka kuona mifupa ya aina hii ilivyo. Weka daftari karibu uandike madokezo ya wanakijiji, maana gemu hizi hazina orodha ya kazi ya kukukumbusha ulichoambiwa.